Sikio la Punda

Shangazi Muriel alilipa kiingilio kama mgeni.
Kijana wa tiketi akampa ramani,
akamwonyesha vyoo viliko.
Shangazi akasema asante. Hakusema zaidi.
Miaka kumi na mmoja alikaa nyuma ya kanisa kuu hili,
kwenye karakana yenye meza za taa,
akiondoa ukungu wa karne kwenye vioo
kwa pamba, kwa maji, kwa pumzi iliyobanwa,
wiki tatu kwa kipande kimoja
kidogo kuliko kiganja.

Tulifika York na treni ya saa tatu na nusu,
mimi, Lorna, na yeye na viatu vyake vya mvua.
Tulitembea juu ya ukuta wa mji hadi mvua ikatushusha
kwenye kichochoro ambamo nyumba zimeinamiana
kama wambea wawili, paa sikioni mwa paa.
Wanauza peremende palipokuwa na mabucha.
"Kulabu zile," alionyesha, "ni za nyama bado,"
na watalii wakapiga picha kidole chake.

Ndani ya kanisa alisimama, kichwa nyuma,
darubini ya Lorna machoni, midomo ikihesabu.
Safu ya nne. Hapana, ya tano.
Manabii, moto, samaki, wafalme wasio na shingo,
mwanga wa saa nane ukichuruzika kama sharubati.
"Punda," alisema. "Nilimsafisha punda.
Sikio lake lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele."
Tulimtafuta watu watatu, macho sita, dakika arobaini.
Mwongozaji akapita na kundi lake, akaeleza
kwamba dirisha hili lilisafishwa na mafundi,
akaendelea na tarehe.

Chakula cha jioni: nyama ya ng'ombe, mchuzi mweusi,
andazi la mayai lililofura kama kofia ya askari.
"La mama yako lilibonyea katikati," akaniambia,
"nasi tukalila kwa heshima."
Kisha baa ya kando ya mto Ouse.
Ukutani, alama za mafuriko, mwaka juu ya mwaka;
ya juu kabisa inamfika shangazi kidevuni.
Alisimama hapo, akainua glasi.
"Nimezama," alisema,
akaagiza nyingine.

Humo ndimo alimokuwa Tamsin wa Sunderland,
bibi harusi wa Jumamosi ijayo, taji la plastiki,
na marafiki kumi na mmoja wenye mabawa ya waridi.
Wakamdaka shangazi kama mzigo wao uliopotea.
Ana miaka sabini na mbili. Magoti yalilalamika, yakapuuzwa.
Mimi na Lorna tulipiga miayo tangu saa tano;
saa nane za usiku yeye alikuwa amevaa bawa moja.

Tulirudi kwa kuzunguka kanisa, kundi zima, chipsi mikononi.
"Usiku, ukiwa nje," alisema, "kioo cha rangi ni risasi na giza.
Hata malaika ni lami."
Na mtu huko ndani, sijui nani,
mfagiaji labda, au mlinzi aliyesahau koti,
akawasha taa.

Dirisha likasimama barabarani.
Tamsin akauacha wimbo katikati.
Wekundu ukamwagika juu ya mawe yaliyolowa,
na kila kitu kinyume: wa kulia kushoto,
manabii wote wakitupa visogo.
"Nilikuwa nasafisha mgongo wake," shangazi akasema polepole,
"upande wa mvua. Kwa mbele sikuwahi kumjua."
Kidole kikapanda, bila darubini, bila kuhesabu,
safu ya saba, pembeni, chini ya mguu wa mtu mwenye hasira:
"Yule!"

Wanawake kumi na wawili wakamshangilia punda.
Taa ikazimwa.
Tukabaki na harufu ya siki.
Lorna aliniuliza kama nimeona kweli.
Niliona kahawia. Labda sikio.
Shangazi alikuwa ameshaanza kumweleza Tamsin
jinsi ya kushika pamba.